Sudusi ya Mama

Bi Zubeida wa Likoni alimzika mwanawe wa pekee mwezi wa Machi, na kabla arubaini haijasomwa, Yeslam akabisha hodi kuulizia urithi.

Yeslam huyo, mwenye duka la vitambaa kule Mkomani, alimwoa kwa siri miaka thelathini na tano iliyopita, awe mke wa pili asiyejulikana na wa kwanza. Sheikh, walii, mashahidi wawili, basi. Cheti hakikutoka. Mke mkubwa aliponusa habari, Yeslam akatoa talaka chapuchapu, na tangu hapo akiulizwa husema hamjui mwanamke huyo. Mwanamume mzima na ndevu zake! Zubeida alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Alimlea Afrah kwa kuuza mahamri na mbaazi. Siku moja, akiwa darasa la nne, mtoto alirudi kutoka shuleni macho mekundu.

"Mama, wanasema mimi mwana wa haramu."

Zubeida aliacha unga, akatia udhu, akashika msahafu. "Wallahi, mwanangu, ulizaliwa kwa ndoa."

Afrah hakuuliza tena. Lakini kila Idi alivaa nguo mpya akaketi kibarazani tangu asubuhi, akitazama njia, kwa kuwa baba za wenziwe huja na zawadi. Wake hakuja hata Idi moja.

Akakua, akawa muuguzi, akajenga nyumba ya vyumba vitatu si mbali na Shelly Beach, akamhamishia mamake humo. Homa ya siku sita ikamchukua akiwa na miaka thelathini na nne. Hakuwa na mume wala mtoto. Nyumba ilikuwa kwa jina lake, na hakuacha wasia wala neno. Nani huyawaza hayo kwa umri ule?

Jirani yake Jalila, karani katika ofisi ya wakili, ndiye aliyemfafanulia Zubeida sheria ya urithi.

"Ukikubali kwamba alikuoa, Bi Zubeida, yeye ni baba na ni mrithi. Na kwa kuwa ana wana wengine wanne, fungu lako lashuka hadi sudusi, sehemu moja katika sita. Wale wanawe hawapati kitu, lakini kuwapo kwao tu kwakupunguzia. Tano zilizobaki ni za Yeslam."

"Jasho la mwanangu hilo!"

"Basi kana. Cheti hana, na mashahidi wako makaburini. Sema hakukuoa. Mtoto wa nje ya ndoa hampi babake urithi. Nyumba yote itakuwa yako."

"Na Afrah atakuwa nani?"

"Afrah yuko kwa Mola wake, mama. Hasikii tena."

Siku tatu Zubeida alizunguka vyumba vya nyumba ile. Sare ya kazi ya Afrah ilikuwa bado mlangoni, hajaifua, na kila akipita huishika mkono wake. Akitoka humo pa kwenda ni Kisauni kwa nduguye, na wifi yake ana mdomo ambao si wa kuzeeka nao.

Katika mahakama ya kadhi, Yeslam alitangulia kuulizwa. Alisimama, wanawe nyuma yake, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Afrah ni binti yangu wa halali. Mamake nilimwoa. Naapa kwa Mungu."

Zubeida alimtazama mdomoni. Kumbe mdomo ule uliweza kuyasema! Uliweza siku zote.

"Bi Zubeida," kadhi akaita.

"Abee, sheikh."

"Ni kweli mtu huyu alikuoa?"

Jalila alimvuta buibui kutoka nyuma. Zubeida hakugeuka.

"Alinioa. Mahari yangu ilikuwa msahafu na shilingi mia tano, na niliipokea kwa mkono huu. Mwanangu alizaliwa kwa ndoa. Andika, sheikh, tafadhali andika hivyo."

Nyumba ikauzwa. Akapewa sudusi yake, akafunga nguo zake na ile sare bado hajaifua. Siku ya kuhamia Kisauni alimwomba dereva asimame kidogo kwenye makaburi. Hakuingia. Alisimama ukutani, akalia mpaka akaweza kusema.

"Amesema, mwanangu. Amesema mbele za watu."