Kuku wa Kumi na Mbili

Mume wangu alistaafu kwenye karakana ya shamba la mkonge, na kabla ya miezi miwili kwisha tukawa na kuku. Ningejua yatakayofuata, ningemnunulia redio.

Tulikuwa tunatoka Tanga mjini kwenye mazishi. Gari liliposimama Segera alishuka kununua maji ya kunywa, akarudi na boksi lenye matundu, na maji hakununua. Ndani mlikuwa na vifaranga kumi na wawili.

"Kuroila hawa, kuku wa kisasa," akaniambia. "Muuzaji kaapa."

Nilikuwa na kiu na nimechoka kulia. Tulifika nyumbani kwetu Korogwe, akawatengenezea banda zuri kuliko chumba chetu cha wageni, lenye mlango wa kufungwa kwa komeo na bomba la maji alilolichomea mwenyewe. Kuku kumi na mmoja walikua kama walivyotakiwa kukua, wekundu, wanene, wajinga. Wa kumi na mbili akawa kitu kingine.

Shingo yake ilikuwa uchi kama ya kishingo yeyote wa kijijini, ila mbele palikuwa na kishada cha manyoya, utadhani amevaa tai. Rangi yake ilikuwa ya majivu. Miguu ilikuwa na manyoya mpaka kwenye vidole, kama mtu aliyevaa suruali ndefu akaikanyaga. Na alikuwa mkubwa. Alipofikisha miezi minne wenzake walikuwa wanapita chini yake.

Mimi nilimtazama mara moja nikaendelea na kazi zangu. Mume wangu alimtazama akavuta kigoda, akakaa.

Ni lazima nieleze kwamba mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kutwa nzima naulizwa maswali. Nikirudi nyumbani sitaki swali, nataka chai. Sasa nikawa napokewa getini na mtu mzima ameshika kuku kwapani.

"Mwalimu, hebu mwangalie tena. Kuchi?"

"Sijui."

"Kuchi hana manyoya miguuni. Basi Malawi?"

"Mzee, nipishe nipite."

Alinunua daftari. Alichukua futi ya cherehani yangu akampima kuku urefu wa mguu, upana wa kifua, na mzunguko wa shingo. Mizani yangu ya jikoni ilihamia bandani, nikaanza kukadiria unga kwa macho. Kila Jumapili aliandika vipimo kwa mwandiko wake wa karakana, herufi kubwa zilizonyooka, kama alivyokuwa akiandika habari za mashine iliyoharibika. Kwa miaka thelathini na kitu alizijua mashine zote za shamba lile, ipi imetoka wapi na spea zake ni zipi. Sasa kuku mmoja anamshinda.

Kisha akajiunga na kundi la wafugaji kwenye simu. Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Alituma picha ya kuku akiwa amesimama, ya kuku kwa ubavu, ya miguu peke yake. Majibu yakaja kama mvua. Mmoja alisema Sasso. Mwingine akasema Brahma. Mwingine akasema huyo siyo kuku, kamuulize aliyekuuzia kama hakuchanganya na kanga. Mtu mmoja aliandika kwamba kuku wa rangi ile na shingo ile anatafutwa sana na waganga, akataka kuja kumchukua. Mume wangu alimtukana, akatolewa kwenye kundi, akajiunga na jingine.

Jirani yetu mmoja, mama wa makamo mwenye ulimi mrefu, aliacha kupita karibu na uzio wetu. Alisema macho ya yule kuku hayampendezi. Afisa mifugo alipokuja mtaani kuchanja kideri, mume wangu alimngoja tangu asubuhi akiwa amevaa shati la kutokea. Yule kijana alimwinua kuku, akamgeuza, akamdondoshea dawa jichoni, akamrudisha chini.

"Chotara huyu, mzee."

"Chotara wa nini na nini?"

"Wa kuku na kuku."

Akaenda nyumba ya pili. Mume wangu alikasirika siku tatu, na mimi ndiye niliyekula hasira hizo kwa sababu yule afisa mifugo hakuwapo.

Sikukuu ya Idi tukaenda Sindeni kwa kaka yangu mkubwa, kama tunavyofanya kila mwaka. Nilipofungua mlango wa nyumba tuondoke, nikaona tenga.

"Hapana," nilisema.

"Kaka yako amefuga kuku maisha yake yote."

"Tunakwenda kula Idi, mzee. Watu watasema tumeleta kitoweo."

"Nitawaambia siyo kitoweo."

Na kweli aliwaambia. Aliwaambia wote, mmoja mmoja, tangu uani mpaka kwenye mkeka. Wifi yangu alikuwa ameshika kisu tayari. Kaka yangu, mtu mpole, alimpokea kuku, akamtazama kwa heshima kwa ajili ya shemeji yake, akasema hajawahi kumuona wa namna hii.

"Lakini mama yake ni kishingo, hilo halina ubishi," kaka alisema. "Baba sasa, ndiyo sijui."

"Ndiyo nataka kujua huyo baba," mume wangu akasema.

"Shemeji, tule kwanza."

Tulikula. Mume wangu aliendelea kuuliza na tonge mkononi. Je, wakoloni hawakuleta kuku wakubwa wa rangi hii? Je, Wahindi wa Tanga? Akatoa daftari. Baba zangu wadogo wawili walikuwa pale, na wageni wa kaka kutoka msikitini, na watoto wa ukoo mzima. Wote walikuwa wakimsikiliza akisoma upana wa kifua cha kuku. Niliona binti mmoja anajificha nyuma ya mwenzake kucheka.

"Hebu mwache huyo kuku!" nilisema, na sauti yangu ikatoka ya darasani. "Chotara tu! Baba yake hajulikani, basi. Kwani wewe mwenyewe kwenu unakujua?"

Yule binti akaacha kucheka.

Inafaa mtu ajue nilimsema nani, na wapi. Sisi ni Wazigua wa palepale. Kaka yangu anaweza kutaja mababu saba bila kumeza mate, na makaburi yao yako nyuma ya nyumba. Babu wa mume wangu aliletwa na lori kuja kukata mkonge. Baba mkwe alikuwa akisema walitoka Songea. Shangazi yake alisema ni ng'ambo ya Ruvuma. Karani wa shamba aliandika jina kama alivyolisikia, na jina hilo ndilo wanalotumia hadi leo, wala hakuna lugha tuliyowahi kuipata yenye jina kama hilo. Tulipooana, baba yangu aliuliza swali moja tu, "Watu wa wapi hawa?", na mume wangu, kijana wakati huo, alijibu, "Wa kambini." Baba aliniozesha hivyohivyo. Tangu hapo, katika uwanja ule, hakuna aliyelirudia swali lile hata kwa utani. Nikalirudia mimi.

Mume wangu alifunga daftari lake.

"Kwetu sikujui," alisema. "Ndiyo maana nauliza."

Akaomba aongezewe mchuzi. Wifi yangu alimwongezea.

Nilidhani atanigombeza njiani. Hakunigombeza. Nyumbani alimtoa kuku kwenye tenga, akarudisha mizani jikoni na futi kwenye droo ya cherehani, akaliweka daftari juu ya kabati. Kesho yake nilipotoka kazini hakuna mtu getini. Nilimkuta amekaa uani, anatazama ukuta.

"Chai ipo," alisema.

Yaani nilipata nilichokuwa nakililia miezi yote ile, utulivu, na utulivu wenyewe ukanikera kuliko maswali. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Nilimuuliza mume wangu kuku ana kilo ngapi sasa. Akasema hajui. Nilipika ndizi kwa nyama, akashukuru kama mgeni. Ningependa kusema kwamba nilimwomba radhi, lakini mimi ni mtu mgumu, na kila neno lilipofika mdomoni nililimeza na kutafuta kosa lake. Si ni yeye aliyebeba kuku kwenye Idi?

Jumamosi ya pili nilivaa, nikamwambia naenda kununua kitambaa, nikapanda gari la Segera.

Sikumjua muuzaji kwa sura, lakini Segera wauza vifaranga si wengi, na mwenye maboksi ya namna ile alikuwa mmoja: mwanamke wa umri wa binti yangu wa kwanza, amekaa kati ya wauza mahindi ya kuchoma na wauza machungwa. Akanipa shikamoo. Nikamwonyesha picha ya kuku kwenye simu.

"Huyu ulituuzia wewe, ukaapa ni kuroila."

Aliitazama muda mrefu mno kwa mtu asiye na hatia.

"Mama, kuroila walibaki kumi na mmoja," alisema mwishowe. "Mmoja alikufa asubuhi ile, na yule mzee alitaka kumi na wawili. Nikaongeza mmoja wa kwa mama yangu. Naye si alikuwa kifaranga?"

"Mama yako yuko wapi?"

"Mashewa. Kwani kuku amekufa?"

"Hajafa," nilisema. "Laiti angekufa."

Nilirudi bila kitambaa. Mume wangu alikuwa palepale uani. Nilimweleza yote kwa mkupuo, nimesimama, na mkoba begani. Alinisikiliza, akasema tuache, kuku ni kuku tu, maneno ambayo nilikuwa nimeyasema mimi mara mia. Nikaingia ndani nimechukia. Asubuhi nilimkuta amevaa lile shati la kutokea, amekaa mlangoni na daftari magotini.

"Basi la Mashewa linaondoka mapema," alisema.

Mama yake muuzaji, bibi wa Mashewa, hatukuhitaji kumuulizia mara mbili. Kabla ya kupiga hodi tuliwaona uwanjani. Walikuwa sita au saba, wa majivu na weupe, shingo wazi, tai kifuani, suruali mpaka vidoleni, wanaparua chini ya mihogo kana kwamba dunia nzima imejaa kuku wa namna yao. Mume wangu alisimama njiani. Alivua kofia.

Tulimwamkia bibi, tukaeleza shida yetu, naye akacheka mpaka akakaa chini.

"Mmetoka Korogwe kwa ajili hiyo?"

"Ndiyo, bibi," mume wangu alisema. "Naomba uniambie wametokana na nini."

"Majike ni vishingo wangu. Mbegu ya mama yangu, nilikuja nayo nilipoolewa hapa. Jogoo alikuwa wa mgeni mmoja wa mradi wa visima, alipanga nyumba ile pale. Jogoo mkubwa, mnene, miguu imefunikwa yote. Mgeni alipohama akaniachia."

"Mgeni alitoka wapi?"

"Mbali."

"Na jogoo aliitwaje, aina yake?"

Bibi alifikiri kwa bidii.

"Mwenyewe alikuwa akimwita 'njoo'."

"Yuko wapi sasa?"

"Tulimla. Wakwe walikuja. Nyama ngumu hiyo, tulichemsha kutwa nzima."

Nilifumba macho. Miezi yote ile, futi yangu, mizani yangu, Idi yangu, na ushahidi umeliwa na wakwe. Nilipofumbua, mume wangu alikuwa anaandika. Niliinama nikasoma. Mama, kishingo wa Mashewa. Baba, wa mgeni, alikuwa mkubwa, miguu imefunikwa. Akapiga mstari chini, kidole kikiwa rula, akamshukuru bibi, na kwa saa nzima wakazungumza habari za mihogo.

Tukingoja gari la kurudi, nilisema. Nilisema vibaya, nikiangalia barabara.

"Kule Sindeni nilikosea."

"Najua," alisema.

"Basi nisamehe."

Alipangusa vumbi kwenye daftari.

"Mwalimu, ulinisema mbele za watu. Ukitaka kuniomba radhi, niombe mbele ya watu wale wale."

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka Korogwe, na wiki mbili zilizofuata, kwa sababu alikuwa na haki na alijua anayo. Kisha tukaenda Sindeni, safari hii mikono mitupu. Kaka alikuwepo, baba zangu wadogo walikuwepo, wifi yangu alikuwa anasonga ugali. Nilisimama kwenye uwanja wa babu zangu na miaka yangu hamsini na minane, nikasema nilimkosea mume wangu hapa, na hapa naomba anisamehe. Wifi yangu aliacha kusonga.

"Nimekusamehe," mume wangu alisema, akaomba maji ya kunawa.