Ambushure ya Korneti

Leo asubuhi muzee aliyekuwa mukubwa wa fanfari, bendi ya tarumbeta ya kanisa letu, alinifikia hapa Butembo na mujukuu wake aliyebeba tarumbeta, na ambushure moja, kile kipande cha kuwekea midomo, ndani ya kitambaa. Ilinuka majivu na ndimu, na midomo yangu ikaniwasha palepale.

Zamani, nikiwa mutoto, tulikuwa tunasugua vyuma vya fanfari kwa majivu na ndimu kila samedi, siku moja mbele ya misa ya Jumapili, nyuma ya kanisa. Ambushure zote zilikaa ndani ya mukebe wa maziwa. Muzee alizigawa kwa kufuata umri, bila hata kuangalia chombo. Mimi, binti mudogo kupita wote, nilipewa iliyobaki. Ilikuwa ya korneti, ndugu mudogo wa tarumbeta, nyembamba, ikachezacheza ndani ya tarumbeta yangu. Yeye akaizungushia sashe, mufuko wa plastiki wa mukate, akajiona fundi.

Siku ya mavuno, mbele ya magunia ya viazi na kanisa nzima, tarumbeta yangu ililia kama mbuzi.

“Midomo yako iko ya kukula bugali tu,” muzee akasema, akaninyanganya chombo.

Leo alisema maneno yaleyale juu ya mujukuu wake, aliyeshindwa kupuliza tarumbeta. Ile sashe ilikuwa ingali pale kwenye ambushure.

“Papa, hii ni ya korneti,” nikamuambia muzee.

“Mais lakini zote ni shaba,” akanijibu.

Nikamupa mutoto ambushure ya tarumbeta niliyojinunulia ukubwani. Akapuliza, sauti ikatoka nzima, safi. Muzee akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mutu aliyeshiba.

“Unaona? Hata weye, ni mimi nilikufundisha.”