Tausi wa Mama Kwenye Maonesho ya Wahindi

Songea ukitaka kujaza ukumbi, usitangaze elimu, tangaza sambusa. Kadi iliyofika ofisini kwetu ilisema kutakuwa na maonesho ya kazi za mikono na nguo za asili za Kihindi, Jumamosi na Jumapili, na chini kabisa, kwa herufi ndogo: viburudisho vitakuwepo. Ofisi nzima ikapenda utamaduni siku hiyo hiyo. Hata mhasibu wetu, mtu ambaye sijawahi kumwona akipenda kitu, alikuja na tai.

Mimi nilimchukua mama. Mama yangu anakaa Mjimwema na amedarizi vitambaa maisha yake yote: vya makochi, vya meza, vya kufunikia redio. Alifundishwa na masista wa misheni akiwa msichana, na nyumbani kwetu hakikubaki kitu uchi, hata mtungi wa maji ulivaa. Sasa macho yanamwishia. Moja lina mtoto wa jicho, la pili linafifia, na ana miaka mitatu hajashika sindano. Nikajiambia nampeleka akapunge hewa. Uongo. Nilitaka aone kazi ya watu wanaojua kazi. Maana mama alikuwa na tausi wake, anamdarizi kila mahali, na mimi tangu niko sekondari nilimwita kuku mgonjwa.

Mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili, kisha mkasi wa kukatia utepe ukagoma kukata. Kwenye maonesho ya nguo, jamani! Akautafuna nao utepe ule kama panya mpaka ukakatika. Wenzangu wa ofisini walikuwa wameshazungushiwa sari juu ya suruali za jinzi kwa ajili ya picha, wamefungwa kama mizigo ya basi la Tunduru. Mgeni rasmi akahutubia. Alisema kila mshono tunaouona humo ni wa mkono. Akasema wenzetu wanaheshimu kazi za mama zao, sisi tunazidharau. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Halafu mama akaanza kugeuza vitu.

Watu wote walikuwa wanatazama mbele ya nguo. Mama, kwa kuwa haoni, alikuwa anapindua kila kitambaa na kupapasa nyuma yake kwa vidole. "Hiki cha mashine," akasema. Akakiweka. "Hiki cha mashine. Hiki nacho cha mashine, hata uzi wa chini hawakubadilisha." Sauti ya mama yangu haijawahi kujua kunong'ona. Mgeni rasmi, aliyekuwa na sambusa mdomoni, akatafuta kitu cha kuangalia dirishani.

"Mama, usipindue, unaharibu mkunjo," mwenye meza akasema. Alikuwa mama wa Kihindi wa makamo, mzaliwa wa Dar es Salaam, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha hotuba.

"Shikamoo yako iko wapi?" mama akamuuliza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nionyeshe cha mkono sasa, umri wangu huu sina muda wa kudanganywa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yule mama akacheka, akakiri kwamba vya mezani ni vya mashine kwa sababu watu wanataka rahisi, akaenda ukutani akateremsha kitambaa kimoja. Kilikuwa na tausi. Bibi yake ndiye aliyekidarizi, akasema, na hakiuzwi. Mama akakipapasa nyuma muda mrefu, akatikisa kichwa taratibu. "Huyu alikuwa fundi," akasema. "Mkia wake anaupeleka kama ninavyoupeleka mimi."

"Bibi unadarizi?"

"Nilikuwa. Cha mwisho kipo kwa mwanangu huyu, nilimpa siku ya kuhamia nyumba yake. Miezi minane kilinichukua, kwa jicho moja."

"Kilete kesho," yule mama akasema. "Siku ya mwisho. Nitakitundika ukutani, karibu na cha bibi yangu."

Sijawahi kuuona uso wa mama yangu ukiwa vile. Alinigeukia. "Kipo, si kipo?"

"Kipo," nikasema.

Sasa nikwambie kilipokuwa. Nyumba yangu iko Mshangano, ina vigae na makochi ya ngozi, na nilishaapa makochi ya ngozi hayavai vitambaa. Wiki ya kwanza tu mama alipoondoka nilimpa dada wa kazi kile kitambaa, nikamwambia, nakumbuka maneno yangu yote, "Pigia deki hiki, kinanyonya maji vizuri." Nyani haoni kundule. Nimetoka kuipigia makofi hotuba ya kuwasema wanaodharau kazi za mama zao, na sakafu yangu inang'aa kwa tausi wa mama yangu.

Nilikikuta uani kimening'inia kwenye ndoo. Nikakiloweka, nikakisugua, nikakianika. Uchafu ulipungua, lakini katikati kilikuwa cha kijivu, pembe moja imekwisha kabisa. Likanijia wazo la kishetani: ninunue kimoja mezani kwa yule mama, nimpe mama aamini ni chake, si haoni? Kisha nikakumbuka vile vidole. Nililia pale kambani, sikufichi. Lakini hata nikilia nilikuwa napanga uongo: kimeibiwa, kimeungua na pasi, kimeenda Madaba kwa wifi.

Njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi mama akateremka kwenye bodaboda getini kwangu kabla sijavaa, gauni la kanisani, ameshika njia ya uani moja kwa moja kwa sababu jikoni, kule nyuma, kulikuwa na harufu ya chai. Akagonga kamba kwa bega. Kitambaa kikamgusa usoni.

Akakishika. Vidole vikatembea, vikafika kwenye ile pembe, vikasimama.

"Mlikuwa mnakifanyia nini?"

Sikuweza kudanganya. "Deki, mama," nikasema. "Nilikosa. Nisamehe."

Akakitoa kambani. "Pasi iko wapi?" akauliza.

Nikapiga pasi mimi, yeye amenisimamia. Ukumbini yule mama wa Kihindi alikitazama, akanitazama. Akakitundika karibu na cha bibi yake, kama alivyoahidi. Mama akavuta kiti akaketi chini yake, na kila aliyesogea akasimuliwa. "Huyu tausi amepiga deki miaka mitatu. Pembe imekwenda, lakini mgongoni hakuna uzi uliofumuka. Vile vya mezani kavipigieni deki wiki moja mniambie." Watu wakacheka, wakapiga picha. Wenzangu wa ofisini walikuwepo wote, pamoja na bosi wangu, mama mmoja aliyehamishwa kutoka Dodoma, anayejua kitu kizuri akikiona.

"Bibi, niuzie hiki," bosi akasema. "Au nitengenezee kingine."

"Kingine hakuna, macho yamekwenda. Na hiki si changu, nilishakitoa zawadi. Muulize mwenyewe, yule pale aliyejificha nyuma ya sari."

Bosi akageuka. Ofisi nzima ikageuka, mhasibu na tai yake. "Kumbe ni wewe! Unauza?"

Mama hakunitazama, lakini niliona shingo yake ilivyokaza kusikiliza.

"Siuzi," nikasema.

"Basi kiteremshe twende," mama akasema, akinyanyuka kwenye kiti. "Kesho Jumatatu, utakihitaji sakafuni."