Vipande, Saa na Jumapili Moja

Baba yangu alikuwa na sharti moja tu kwa mwanamume atakayenioa: awe mtu wa mwezi. Kabila lingeweza kujadiliwa, sura ni kazi ya Mungu, lakini mshahara lazima uwe wa mwezi, unaoingia tarehe ileile mvua inyeshe isinyeshe. Yeye mwenyewe alikuwa tarishi wa serikali, mpeleka barua ofisi hadi ofisi, na katika mtaa wetu wa Temeke hakuna aliyetembea mwisho wa mwezi kama alivyotembea yeye. Waliolipwa kwa siku, au kwa kadiri ya kazi waliyofanya, aliwaita watu wa bahati nasibu.

Mimi nikampenda mtu wa bahati nasibu.

Nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda cha brashi na mifagio, kule viwandani Chang'ombe. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tukiambiwa kila siku kwamba viwanda ni vyetu, nami niliamini kabisa. Ila niliona kwamba kama kiwanda ni chetu, basi hesabu zake lazima ziwe sawa hadi senti ya mwisho, na aliyeniletea hesabu ya kukadiria alijuta. Sisi wa ofisini tulikuwa watu wa mwezi: unaandika namba moja, umemaliza. Wa karakana walikuwa mtihani. Mtu mmoja angeweza kulipwa kwa njia nne au tano ndani ya wiki mbili. Akichonga migongo ya brashi, ile sehemu ya mbao unayoishika mkononi, alilipwa kwa kipande, senti kumi na tano kila mgongo. Mashine ikikwama akakaa kumsubiri fundi, alilipwa kwa saa, shilingi moja na nusu. Akibaki baada ya muda wa kazi, saa ileile ilipanda kwa nusu yake, na Jumapili ikawa mara mbili. Halafu zilikuwapo brashi zenye kasoro, ambazo maduka hayakuzitaka. Hizo aliruhusiwa kuzipeleka sokoni Tandale siku ya Jumamosi, na katika kila shilingi mia alizouza, tano zilikuwa kamisheni yake.

Yote hayo niliyakusanya yakawa jumla moja, kabla sijagusa kodi, akiba ya uzeeni wala ada ya chama cha wafanyakazi. Jumla hiyo kabla ya makato ndiyo niliyojivunia. Makato ni kutoa tu, na kutoa mtu yeyote anaweza.

Huyo niliyempenda alikuwa mchongaji kutoka kusini, mwenye mkono mwepesi na sauti ya chini. Siku moja ya malipo alikuja dirishani kwangu na daftari lake dogo, akaniambia kwa adabu ya kuudhi kwamba nimempunja vipande viwili. Senti thelathini! Nilimjibu kwamba ofisi haikosei.

"Sawa, dada," akasema. "Ila hesabu tena."

Nikahesabu tena kwa hasira, nikauvuta mkono wa mashine ya kujumlishia mpaka wenzangu wakageuka kutazama, nikakuta ni kweli. Senti thelathini. Nilimchukia wiki mbili nzima. Malipo yaliyofuata nilipiga hesabu zake mara tatu kabla ya za mtu mwingine yeyote, na kufikia mwisho wa mwaka nilizijua kwa kichwa kuliko nyimbo za kanisani. Tuliongea kidogo sana, tena kupitia dirisha, na karibu yote tuliyoongea yalikuwa tarakimu. Aliponiuliza kama anaweza kuleta posa, nilikubali kabla hajamaliza sentensi, jambo ambalo mpaka leo ananitania nalo.

Nyumbani sikueleza yote. Baba alijua mimi ni karani, na kwake karani ni mtu wa kupiga taipu barua. Mama aliponiuliza kama namfahamu huyo kijana wa kiwandani, nilijibu kama anavyojibu binti aliyelelewa vizuri: "Namwonaga tu kazini."

Mshenga aliyetumwa alikuwa mjomba wake, muuza mkaa, fundi mkubwa wa maneno. Mwoaji mwenyewe hakuja, maana desturi ilimtaka abaki kwao asubiri majibu. Mshenga alikaribishwa sebuleni, akakaa mbele ya baba na baba mdogo, na mimi na mama tukabanana nyuma ya pazia la chumbani. Alisifu nyumba, akasifu ukoo wetu asioujua, akasifu mpaka chai. Baba alimwacha amalize, kisha akauliza lile alilolingojea tangu asubuhi.

"Kijana wako analipwa kwa mwezi?"

"Mzee," mshenga akajibu, "kijana wetu analipwa kwa kila namna!"

Akatoa karatasi mfukoni. Kwenye upenyo wa pazia niliujua mwandiko. Mchumba wangu alikuwa amemwandikia mjomba wake kazi zake za mwezi uliopita: vipande 2,100, saa za kusubiri 24, ovataimu saa 20, mauzo ya Tandale 400. Viwango vya malipo hakuviandika, kwa sababu mjomba alimhakikishia kwamba atavikumbuka. Hakuvikumbuka. Alikohoa, akaitazama ile safu ya namba, akafanya alichoweza kufanya. Alizijumlisha zote.

"Shilingi elfu mbili, mia tano, arobaini na nne," akatangaza.

Chai ilimpalia baba mdogo. Siku zile hata meneja wetu mwenye gari asingetaja kiasi hicho bila kushusha sauti. Mama alinibana paja, tayari kupiga vigelegele. Baba mdogo, ambaye nadhani alikuja kwa ajili ya pilau tu, alipopata pumzi alimwinamia baba na kumnong'oneza kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani: "Kaka, hapo mahari isipungue elfu tano!"

Nyuma ya pazia nilihisi baridi. Mtu yule alikuwa amejumlisha vipande vya mbao, na saa, na bei ya brashi ambazo si zake, akaviita vyote shilingi. Hesabu hiyo ikikubaliwa, mahari ingekuwa elfu tano, na mchumba wangu asingeimaliza kabla ya uzee. Ikikataliwa, mshenga ni mwongo, na nyuma ya uongo wake yuko mtu wa bahati nasibu. Kwa vyovyote vile nilikuwa naachika kabla ya kuolewa. Machozi yalinitoka, na yalikuwa ya hasira kuliko ya huzuni.

Baba hakuwa mjinga. "Elfu mbili na mia tano kwa kuchonga brashi?" akauliza taratibu.

"Kwani tunabishana nini?" baba mdogo akasema. "Si tuna karani humu ndani? Aitwe apige hesabu."

Nikajifuta uso kwa kanga, nikatoka, nikapiga magoti, nikatoa shikamoo kwa kila mmoja. Baba akanipa ile karatasi ya mshenga na kipande cha penseli. Niliamua kujifanya sijui kitu. Nikamgeukia mshenga nikamuuliza kwa heshima bei ya kipande kimoja.

"Ni ile bei yake ya kawaida, mwanangu," akasema, huku akitazama dari.

"Basi nitaweka ya kawaida ya viwandani," nikasema.

Nikaanza. Nikishika penseli huwa sina mchumba wala baba. Vipande elfu mbili na mia moja kwa senti kumi na tano, mia tatu na kumi na tano. Saa ishirini na nne za kusubiri, thelathini na sita. Saa ishirini za ovataimu, arobaini na tano. Mauzo mia nne, ila ya kwake humo ni kamisheni, shilingi ishirini, nyingine zote ni za kiwanda. Kila nilipotaja mstari, mshenga alizidi kudidimia kwenye kiti. Jumapili saa nane kwa shilingi tatu, ishirini na nne.

"Jumla mia nne na arobaini, baba. Kabla ya makato."

Nilikuwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu. Baba alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Jumapili iko wapi humu?"

Haikuwamo. Mchumba wangu aliiacha makusudi, kwa kuwa alijua baba ni mzee wa kanisa ambaye hata kupiga pasi siku hiyo hakuturuhusu. Nami nilikuwa nimeitaja bila kufikiri, maana bila Jumapili ile jumla ingekuwa mia nne na kumi na sita, na mia nne na kumi na sita haikuwa kweli.

"Ilikuwa moja tu, baba. Kulikuwa na mzigo wa haraka."

"Sikuuliza ngapi. Nimeuliza umeijuaje."

Hapakuwa na pa kutokea. "Mie ndiye ninayemlipa," nikasema.

Baba mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. Kutoka nyuma ya pazia, mama, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusikika, akauliza, "Si ulisema unamwonaga tu?"

"Namwonaga dirishani, mama."

Hata mshenga alicheka, kwa nafuu ya mtu aliyeondolewa gunia mgongoni. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameishika ile karatasi, na nilipomtazama niliona kwamba hana hasira. Alikuwa na hofu. Sikuwahi kuiona hofu ile kwa baba, na ilikuwa juu yangu.

"Huu ni mwezi mzuri," akasema. "Mwezi ambao mbao hazikuja, anapata ngapi?"

Ningeweza kusema mia tatu. Hakuna aliyekuwa na namba hizo isipokuwa mimi. "Mia na ishirini," nikasema.

"Sasa mwezi huo mtakula nini?"

"Wa mwezi ninao mie, baba."

Naapa sikukusudia kumkosea adabu. Lilikuwa jibu la hesabu tu, na ndilo la kwanza lililonijia. Baba alinitazama kama vile nimeingia mlangoni dakika ile. Miaka miwili nilikuwa nampa mama bahasha, na baba hakuwahi kuuliza ina nini.

"Wewe unapata ngapi?"

"Mia nne na ishirini."

"Kabla ya makato?"

"Kabla ya makato, baba."

Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Mshahara wa baba ulikuwa mia tatu na arobaini. Niliujua kwa sababu nilimjazia fomu ya mkopo wa mabati, na aliniapisha nisimwambie mtu, hasa mama, ambaye kwa miaka ishirini aliletewa fedha za matumizi na kuamini kwamba nyingine nyingi ziko mahali. Kila mtu pale sebuleni alikuwa na namba moja, ya mshahara wangu. Baba na mimi ndio tuliokuwa nazo mbili. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Eh!" mama akasema nyuma ya pazia, kwa mshangao tu, bila ubaya wowote. "Mtoto mia nne na ishirini! Kwani baba yake wewe unapata ngapi?"

Mshenga aliinua kichwa. Baba mdogo akaacha kutafuna.

"Ya baba inazidi yangu, mama," nikasema. "Inazidi mbali."

Hesabu za watu nimezipiga miaka mingi baada ya siku ile, na hakuna nyingine niliyoitaja kwa makusudi nikijua si ya kweli. Sikuijutia hata dakika moja.

Baba aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni mwa shati. Kisha akamgeukia mshenga, akasema mahari yetu ni shilingi mia sita, na kijana azilete kidogo kidogo, kwa kadiri atakavyopata.