Muuza Sambaza wa mu Tele ya Maman

Wakati wa Zaïre nilisomaka informatique, masomo ya kompyuta. Première graduat, mwaka wa kwanza wa université, niliipenda sana, niliifanya mara mbili, kiisha nikaiachia bengine nao baionje. Kitu yenye nilimaliza kweli mu ile miaka ni michezo ya ku ordinateur, na yenyewe ilikuwa tu mbili.

Tonton, mujomba wetu, alituletea toka Ulaya ordinateur moja kidogo: clavier tu, ubao wa herufi za kugusa, haina écran. Unaunga kamba yake ku tele, programme unaichunga mu kasete ya muziki. Tele kwetu, mu mutaa wa Muhumba, ilikuwa moja, ya maman. Mu muchezo wangu wa kwanza ulikuwa unapiga nyota na bunduki. Maman akaangalia kidogo, akauliza:

—Hizo nyota zilikukosea nini?

Nikapiga nyota ingine. Njo akakata maneno: dimanche, kiisha misa, nimuonyeshe kama ile kitu iko na kazi. Kama haina, inarudi kwa tonton.

Bila ordinateur nilikuwa mutu wa kurudilia promotion, mwaka ule ule wa masomo. Nayo, nilikuwa mutu wa kurudilia promotion mwenye iko na ordinateur. Kwangu tofauti ilikuwa kubwa.

Nikajiuliza maman anapenda nini. Kupatana bei. Kila samedi alikuwa anapanda ku soko ya Kadutu kununua sambaza, zile samaki kidogo za ziwa, na bauzaji bakimuona anakuja, sura zao zinabadilika. Basi nikaandika muchezo wa soko. Ordinateur inauza sambaza: inasema bei, unaandika yako, inashusha kidogo. Ukichoka, unagusa zéro, unaenda.

Dimanche maman akaikala mbele ya tele, bado amefunga kikwembe ya misa. Dada yangu akasimama nyuma yake. Maman akaandika bei yake na kidole moja, bei yenye ilifanya dada akohoe. Ordinateur ikashusha. Maman akarudilia ile ile bei. Ikashusha tena.

—Anaringa, maman akasema. Zéro iko wapi?

Akaigusa. Écran ikaandika KWAHERI, ikanyamaza. Maman hakusimama. Aligeuza macho pembeni, ku rideau ya dirisha, vile anaangaliaka meza ya muuzaji mwingine. Nikamuambia:

—Maman, imeisha.

—Imeisha namna gani? Hajaniita bado.

Ni kweli, Kadutu hakuna mutu anaendaka kabisa. Unapiga hatua kidogo, unashika nyanya ya jirani, muuzaji anaita: maman, rudia tuzungumuze. Bila ile, soko haijaanza. Na mimi niliandika kila kitu isipokuwa ile.

—Umetengeneza muuzaji mwenye hapendi kuuza, dada akasema. Anafanana na wewe mu examen: banakuuliza, unanyamaza.

—Mufundishe adabu, maman akaniambia. Nitamuona tena dimanche ingine.

Ile semaine sikuenda ku cours. Haikunisumbua, nilikuwa na mazoezi. Nikaongeza mistari kidogo: ukigusa zéro, ordinateur inangoja, kiisha inaita.

Dimanche ikafika. Maman akaandika bei yake ile ile ya kuleta haya, akagusa zéro. Écran ikanyamaza. Kiisha: MAMAN RUDIA.

Maman akasimama, akaenda mu kikoni.

—Maman, anakuita.

—Nimeona.

Tukasikia sufuria.

—Sasa anasema ngapi?

Écran ilikuwa na MAMAN RUDIA tu. Sikuandika kitu ingine kiisha pale, niliwazia mutu akiitwa anarudi. Basi nikataja bei ya chini kidogo, na sauti ya mutu mwenye anasoma.

—Ashushe.

—Ameshusha.

—Na matabishi?

—Anaongeza sambaza mukono moja juu, ya bure.

—Mukono ya nani? Yake ao yangu?

Dada akaangalia écran, akaniangalia mimi, akafunga kinywa. Sijamuona kufanya vile tena. Tulipatana bei ile namna mupaka sombe, majani ya muhogo, ikaanza kutokota.

—Basi, maman akasema toka kikoni. Usizime. Na ile kitu ya tonton isitoke mu hii nyumba. Nakuja kuona kama sambaza yake ni mubichi.

Nikavuta clavier. Kabla afike ku mulango, écran ilikuwa imekwisha kuandika: MUBICHI SANA.