Kikohozi Kabla ya Gitaa

Msimu ule kwangu unanuka rangi nyeusi inayochemka. Senje Rosa, dada wa baba yangu, alikuwa fundi cherehani pale mtaani Amalemba, Kakamega, na wiki moja kabla ya bendi kuja mjini aliazima sufuria kubwa ya kupikia wageni wa matanga, akaijaza maji, akamwaga rangi ya unga na chumvi, kisha akatumbukiza nguo: mashati ya shule yaliyochakaa, fulana za majirani, na blauzi yake nyeupe ya kwaya. Mvuke wake ulikuwa mchungu na ulikwama kooni hata jioni ukila ugali. Mama alisimama mlangoni akiwa ameziba pua kwa leso. "Rosa, hiyo blauzi ni ya kanisa." Senje aliendelea kukoroga kwa mwiko. "Ilikuwa ya kanisa, Mama Ayuma. Sasa ni ya Chuma Moto."

Chuma Moto ilikuwa bendi ya roki ya Nairobi, na kama hukuijua hukukaa mtaani kwetu. Tulikuwa na kaseti yao moja, iliyochezwa hadi maandishi yake yakafutika. Hakuna aliyekuwa na gitaa Amalemba nzima, kwa hiyo wapenzi wa bendi waliokusanyika jioni katika kibanda cha Senje waligawana vyombo na kuvipiga kwa mdomo. Mukhwana, fundi baiskeli, alikuwa ngoma, akisaidiwa na mtungi mtupu wa maji. Wawili walikuwa besi. Senje alikuwa gitaa la mbele, lile la mpigaji tuliyemwita Kidole, na alilijua mpaka nyuzi zinapokwaruza. Katika wimbo mkubwa kuliko zote, muziki wote husimama ghafla, Kidole anakohoa kidogo, kikohozi kikavu cha mtu aliyevuta moshi, halafu gitaa linalia. Kikohozi hicho kilibaki ndani ya kaseti, sijui kwa nini hawakukifuta. Kwetu kilikuwa sehemu ya wimbo. Senje alikohoa kila jioni mahali pale pale, na sisi wengine tulishika pumzi tukimngoja.

Hayo ndiyo yaliyomtoa kwenye kwaya. Mama yangu ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya, na alimwambia mbele ya akina mama wote kwamba watu wale ni matapeli, hawajui kupiga chochote, na yeye mtu mzima anadanganywa kama mtoto. Senje aliweka kitabu cha nyimbo juu ya benchi. "Siku mtakayonionyesha kuwa nimedanganywa, nitarudi hapa nipige magoti mbele ya kanisa zima." Mama akajibu, "Tutaona." Kwa hiyo mabango yalipobandikwa sokoni kwamba Chuma Moto wanakuja kwenye uwanja wetu, wengine walifurahia muziki. Mimi niliwazia magoti ya Senje.

Mji wetu ulikuwa umekwisha kuchezewa. Kabla ya hapo alikuja mtu kwa jina la mwimbaji maarufu, amevaa miwani ya jua chini ya mawingu mazito, akaimba nyimbo mbili akiwa ametupa mgongo, akatokomea. Tangu siku hiyo Kakamega haikuamini bango. Watu walisimama mbele yake mikono nyuma, kama wanaokagua ng'ombe wa kununua. Mukhwana alikaribia hadi pua ikagusa karatasi. "Huyu wa kushoto, masikio si yake. Chuma Moto watoke Nairobi wakuje hapa kufanya nini? Sisi tunaonanga hawa watu." Senje alimwambia anyamaze, lakini usiku ule niliona taa ya kibanda chake ikiwaka, naye akirudia kaseti kipande kwa kipande, kana kwamba anajifunza sura ya mtu atakayetakiwa kumtambua mbele ya polisi.

Nami nilikuwa mtoto wa kushuku kuliko wote, na silionei haya. Redio ikiimba, nilizunguka nyuma kuangalia. Tabia hiyo ya kutoamini sauti mpaka nione waya wake ndiyo iliyonipa stashahada ya umeme, ikanipeleka nchi za Ghuba nikafunge mitambo ya sauti katika kumbi ambazo wenzangu wa darasa wameziona kwenye simu tu, na ikanirudisha nyumbani na spika zangu mwenyewe. Sikushikwa mkono na mtu. Siku ile uwanjani nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwenye shati jeusi lililonifika magotini, na tayari macho yangu hayakuwa kwa mwimbaji. Yalikuwa sakafuni, kwenye nyaya.

Tulifika mapema tukabanana kwenye uzio wa mbele, weusi tupu kutoka shingoni hadi kiunoni, jua likichoma. Kwa upande wa msitu mawingu yalikuwa yanajikusanya kama kawaida yao ya mchana, na hakuna aliyejali. Bendi ilipopanda, sauti iliyotoka kwenye spika ilinipiga kifuani nikadhani nimesukumwa. Uwanja uliruka. Hata Mukhwana alisahau masikio ya mtu akaanza kulia kwa furaha, mtu mzima mwenye ndevu. Mwimbaji alikuwa yeye, hapakuwa na shaka, sauti ile yenye mchanga tuliijua. Mpiga ngoma alikuwa yeye. Mpiga gitaa alivaa kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi.

Ukafika wimbo wetu. Muziki ukasimama. Kikohozi kikatoka kwenye spika, kikavu, kile kile, nami nilikuwa nikimtazama mpiga gitaa. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, anatabasamu. Halafu gitaa likalia na vidole vyake vikakimbia, na hapo nikauona waya wa gitaa lake: ncha yake moja ilikuwa imelala sakafuni kando ya kiatu chake, haijaingia popote. Nilimvuta Senje mkono. "Senje, ona waya." Hakuinama. Mukhwana alikwisha kumwinamia sikioni, machozi bado mashavuni. "Rosa, kikohozi kimetoka kwa spika. Hakuna mtu amekohoa." Watu wetu wote walikuwa wamegeuka kumtazama yeye, hawatazami jukwaa tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepima umbali kutoka mlango wa kanisa hadi madhabahuni.

Ndipo mvua ikaanguka, ile ya Kakamega isiyopiga hodi, pamoja na mawe. Mtu alikimbia kuzima jenereta na sauti yote ikakatika. Ikabaki ngoma, kavu na ndogo, na koo la mwimbaji likijaribu kutufikia bila kipaza sauti. Gitaa halikuwepo. Mpigaji alisimama na mikono imening'inia, akamtazama mwimbaji, na mwimbaji akapaza sauti kuelekea uzio wetu. "Kidole alituacha! Huyu ni kaka yake, amesimama tu! Tusameheni!" Mzomeo ulianza nyuma. Mukhwana alishika mkono wangu. "Twende nyumbani, wametuchezea."

Senje Rosa hakutoka. Alishika uzio kwa mikono miwili, rangi ya blauzi ikimchuruzika hadi viwikoni, akakohoa. Kisha akalipiga lile gitaa kwa mdomo, kwa sauti ya kwaya iliyofunzwa kuvuka kanisa bila kipaza sauti, na kwenye ule mkwaruzo wa nyuzi alikwaruza. Mukhwana aliniachilia mkono akaingia na ngoma. Besi zikafuata. Mpiga ngoma wa jukwaani alitusikia akapunguza, akaanza kutufuata sisi. Mzomeo ulikufa safu kwa safu, na uwanja mzima, umelowa, ukapiga makofi kwa mdundo wa isukuti, ngoma ya kwetu, chini ya wimbo wa roki mpaka mwisho. Mwimbaji aliimba akimtazama Senje tu, mkono kifuani.

Nyumbani Mama alitupokea na taulo na swali. Senje alikuwa na michirizi myeusi shingoni kama aliyetoka kuchoma makaa. Mama hakumwuliza yeye, aliniuliza mimi. "Ayuma, wewe hudanganyiki. Gitaa lilipigwa kweli, ama lilikuwa kanda?" Nilimtazama Senje, naye akatazama sakafu. "Umeme ulizimika, Mama," nilisema, "na gitaa nililisikia mpaka mwisho." Kila neno lilikuwa kweli. Mama alinichunguza, akatundika taulo, na habari ya magoti haikutajwa tena.

Siku hizi mitambo ya uwanja ule ni yangu, na hakuna anayepanda jukwaani mwangu kabla sijashika waya wake kwa mkono huu. Jenereta langu haliogopi mvua. Mashabiki wananunua fulana nyeusi zilizochapwa vizuri, hazichuji. Zamani nilishuku walio jukwaani, sasa nashuku walio uwanjani, kama wanasikiliza. Majuzi vijana wa hapa hapa waliupiga wimbo ule wa Chuma Moto, gitaa halisi, waya wake nimeuchomeka mwenyewe. Senje, mzee sasa, nilimkalisha kando yangu chini ya turubai. Simu zilikuwa zimeinuliwa kama shamba la mahindi. Muziki ukasimama mahali pake. Senje akakohoa, kavu, kwa nguvu zake zote.

Katika uwanja mzima, aliyeshika pumzi nilikuwa mimi peke yangu.