Viti vya Ndege na Mama Mkwe

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini nimepanda ndege mara nyingi kuliko walimu wangu wote wakiwekwa pamoja. Nilianza kwa kununua ufuta kijijini kwetu Chunyu, huko Ruangwa, na kuubeba kwa baiskeli. Leo mzigo wangu unatoka Nachingwea kwa malori mawili, yote yangu. Kwa hiyo nikizungumzia viti vya ndege, nazungumzia kitu ninachokijua kwa makalio yangu mwenyewe.

Safari yangu ya kwanza kutoka Mtwara kwenda Dar, kiti kilinipokea vizuri. Kati ya goti langu na kiti cha mbele ngumi ilipita. Sehemu ya kuegemeza mkono ilikuwa pana, mimi na jirani yangu kila mtu akaweka kiwiko chake bila kugusana. Miaka imepita, nauli haijashuka, kiti ndicho kimekonda. Sasa hata kiganja hakipiti. Watu husema ni mimi niliyenenepa. Nimenenepa, sikatai, lakini goti halinenepi kwenda mbele. Mimi hutazama lori tupu nikajua litakula magunia mangapi, na sikosei. Walichofanya hawa wenye ndege ni kuongeza safu za viti.

Jambo hili nililielewa vizuri siku nilipomsafirisha mama mkwe. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni. Hospitali ya Dar ikapiga simu asubuhi kwamba nafasi yake ya upasuaji imesogezwa, ni kesho, na akiikosa atasubiri miezi. Mke wangu alikuwa ameshatangulia kuandaa pa kufikia. Mabasi yalikuwa yameshaondoka. Nikasema, jambo dogo hilo, ndege ipo.

Sasa, kwetu mwanamume hakai mkeka mmoja na mama mkwe wake. Hamgusi, hamtazami usoni, na neno likiwepo linapitia kwa mtu mwingine. Kwenye gari kutoka Ruangwa mpaka Mtwara yeye alikaa nyuma, mimi mbele, dereva akawa ndiye mpeleka maneno. Kosa langu nililifanya kwa wakala wa tiketi. "Nipe viti viwili vya pamoja, mbele kabisa," nilimwambia, "mgonjwa haoni." Kichwani nilikuwa na kile kiti cha zamani.

Mhudumu wa ndege akamkalisha mama dirishani. Nikashuka taratibu kando yake, nikajibana, nikapandisha bega, mguu mmoja nikautoa njiani. Wapi! Paja langu likagusa paja lake.

Mama akasimama hapo hapo. "Binti," akamwita mhudumu, mkono unapapasa hewani, "mwambie mkwe wangu anipishe. Nashuka."

"Bibi, si huyu hapa? Mwambie mwenyewe."

"Nakutuma wewe."

Mimi nimeshainuka. Mhudumu akanigeukia, anajizuia kucheka. "Baba, mama anasema umpishe, anashuka."

"Mwambie akishuka, habari ya macho ndiyo basi tena."

"Bibi, anasema..."

"Nimesikia, masikio yangu ni mazima. Mwambie nitakaa na macho yangu hivi hivi. Nitaenda kusema nini Chunyu, kwamba nimekaa nimebanana na mkwe wangu mpaka Dar?"

Waliokuwa nyuma yetu na mabegi mikononi wakaanza kelele. "Mzee, kaa bwana! Umetuletea mambo ya jando kwenye ndege?" Mwingine akadakia, "Bosi, si ungekodi ndege nzima?" Wakacheka. Mimi nimesimama, shingo imekunjwa chini ya kabati la mizigo, jasho linanitoka. Mhudumu akatangaza kwamba ndege imejaa, mlango unafungwa, anayeshuka ashuke sasa. Mama alikuwa ameshabeba kifurushi chake.

Mimi si mtu wa kuomba. Watu ndio huja kuniomba mimi. Lakini niligeuka nikawatazama abiria wote. "Jamani, naomba mama yeyote aje akae na mkwe wangu. Mimi nitakaa popote."

Akina mama wakatazama madirishani. Kisha kutoka safu ya mwisho kabisa akainuka mtawa, mmoja wa wale masista wa misheni. "Mimi nitakuja," akasema, "ila baba, ukikiona kiti changu utajuta."

Kilikuwa ubavuni mwa choo, hakilali nyuma, na jirani yake alikuwa mwanamume mnene kama mimi. "Karibu, ndugu," akasema. "Hapa mmoja anavuta pumzi, mwingine anatoa." Tukasafiri hivyo hivyo. Magoti yangu yalikuwa yamemchoma mgongoni mtu wa mbele, ambaye aligeuka mara mbili, akanitazama, akakata tamaa. Kule mbele nilimsikia mama mkwe akicheka na sista. Miaka yote tangu nimwoe binti yake sikuwahi kukisikia kicheko hicho.

Upasuaji ulifanyika. Asubuhi iliyofuata mke wangu aliingia chumbani na mama yake, mimi nikabaki mlangoni, ndipo mahali pangu. Daktari akabandua bandeji ya jicho la kwanza. Mama akapepesa. Akatazama ukuta, akatazama taa, halafu akageukia mlangoni. Ghafla akavuta kanga, akajifunika uso wote.

Daktari akashtuka. "Vipi, mama? Linauma?"

"Haliumi, dokta," mke wangu akamjibu. "Amemwona mkwe wake."